Kiti Kisichosogea

9 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima wewe na cherehani yako, maana ikiharibika cherehani unaugua wewe. Sisi huku hatujambo. Baba bado anafundisha watu kuendesha gari, na bado anarudi nyumbani mguu wa kulia ukimuuma kwa kukanyaga breki zisizokuwapo. Mama naye mkono uliobanwa na mlango wa duka umepona, ameanza tena kuinua masufuria na kutuinulia sauti.

Najua umeshangaa kupata barua. Simu yako umeizima tangu uhamie karakana ya huko, na baba anasema umeizima kusudi, ili tukiongea nawe simu isije ikapitishwa mkono kwa mkono humu ndani mpaka ikamfikia fulani. Mimi simo. Lakini hata yangu haipigiki. Nimeifunga kwa kamba kwenye miguu ya stuli iliyopinduliwa, na hairuhusiwi kuguswa mpaka mwezi wa sita.

Sababu ni hii. Chuo kinataka kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho alete filamu ya dakika moja. Wenzangu wanapiga watu wakitembea barabarani. Mimi nimeamua kutembeza vitu visivyotembea. Unakiweka kitu mezani, unakipiga picha. Unakisogeza kiasi cha punje ya mchele, unakipiga tena. Unakisogeza tena. Ukizipitisha picha kumi na mbili kwa sekunde moja, macho yanadanganyika na kitu kinatembea chenyewe. Mwalimu anasema kazi yote ni mambo mawili: kinachotakiwa kusogea kisogee kidogo, na kisichotakiwa kusogea kisisogee kabisa. Ndiyo maana simu imefungwa kamba, na miguu ya stuli na ya meza nimeigandisha sakafuni kwa utepe.

Mhusika wangu ni Kiazi. Nimemtia miguu ya waya na macho ya shanga. Anatoka upande mmoja wa meza, anakwenda upande wa pili kwa jamaa yake Kitunguu, anayeishi kwenye boksi la viatu lenye mlango. Walikosana kwa jambo dogo. Hadithi haihusiani na mtu yeyote.

Meza ni ile kubwa ya sebuleni, na nyuma yake ndiyo kona. Mama amenikataza kutaja ugomvi wa kiti, kwa hiyo siutaji. Nasema tu kwamba Babu alizoea kuweka kiti chake mlangoni akisema anapunga hewa, wewe ukajikwaa hapo na mzigo wa sare kichwani, ukakibeba kiti ukakitia kona. Yeye akaapa kwamba maadamu ametiwa kona, hatakitoa kiti pale mpaka baba mtu aombwe radhi na binti yake. Wewe ukaapa hutatia mguu humu mpaka goti lako liombwe radhi na mwenye kiti. Basi, hayo siyataji. Babu analala chumbani kwake kama kawaida, lakini akiamka ni kitini moja kwa moja, na chakula anapelekewa hapo hapo.

Nilimwomba anipishe kwa muda tu. Akanitazama akasema, "Mjukuu wangu, mimi ni mtu wa kiapo." Kwa hiyo yumo ndani ya filamu, nyuma ya Kiazi, kwenye kila picha.

Nina ombi. Jua linaingia dirishani na linahama hama, asubuhi kivuli cha Kiazi kiko huku, mchana kiko kule. Unaweza kunipatia kitambaa cheusi kizito nizibe madirisha, nitumie balbu moja tu?

Nimekukosa, Shangazi. Nyumba haina mtu wa kunigombeza inavyotakiwa.

Mtoto wa kaka yako,
Sisimizi


27 Februari

Sisimizi,

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeipata kwa dereva wa basi, imekunjamana kwa sababu aliikalia njia nzima. Mimi sijambo. Karakana hii ni kubwa kuliko ya kule, tunashona sare za shule kuanzia asubuhi. Chumba nilichopanga kina dirisha moja linalotazama ukuta, lakini ukuta wenyewe ni msafi. Mwenzangu wa cherehani ya pembeni anaimba kutwa nzima, na hajui kuimba.

Msalimie kaka yangu, umwambie gari ni la mwanafunzi, aache kuliendesha kwa roho. Msalimie wifi. Wengine wa humo ndani sina salamu zao.

Umeniandikia habari za kona na mimi sikukuuliza habari za kona. Naomba isirudiwe. Kama kuna mtu humo mwenye magoti mabaya, na mtu huyo anakaa siku nzima bila kunyoosha miguu, basi aletewe kile kigoda chenye mto wa kijani kilicho uvunguni mwa kitanda changu, aegeshee miguu. Nasema kwa jumla tu. Magoti ni ya kila mtu.

Filamu yako mwanzoni sikuielewa, nilidhani Kiazi unamvuta kwa uzi. Niliwasimulia wenzangu wakati wa chakula, wakaniuliza kama huyo mtoto huwa anapata usingizi. Baadaye nilipokuwa napindua kola ndipo nikaona ni kama kushona kwa mkono. Ukiitazama sindano unaona inaingia na kutoka tu, nguo huioni mpaka umalize.

Kitambaa hicho hapo. Usikikate, kipinde. Na mpiga picha za pasipoti wa mtaa huu ameniambia wewe mwenyewe usivae nguo nyeupe ukiwa kazini, inarudisha mwanga mezani na picha moja inakuwa angavu, nyingine imefifia. Vaa nguo nyeusi kama mtu anayekwenda msibani.

Jambo la mwisho. Kati ya Kiazi na Kitunguu, ni nani aliyemkosea mwenzake? Hukueleza. Hilo lilitakiwa lielezwe kabla Kiazi hajafunga safari. Nauliza kama mtazamaji.

Shangazi yako


18 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Kitambaa kimefika, sebule sasa ni giza tupu na balbu moja. Baba akirudi anapapasa ukuta. Jana aliliambia kabati la vyombo habari ya jioni. Mama anakusalimu sana, na anasema ukirudi utamkuta ama na filamu ama na akili zake, si vyote viwili.

Kazi inakwenda, ila nimefanya kosa ambalo mwalimu anasema hajawahi kuliona tangu aanze kufundisha. Wanafunzi wengine wanafinyanga wahusika wao kwa udongo wa kuchezea juu ya mifupa ya waya. Mimi nimechukua kiazi cha kweli. Sasa kimeota. Nilikuja asubuhi nikamkuta Kiazi ana pembe, na ngozi imekunjamana. Kwenye filamu alianza safari kijana, kufika kwenye sahani ya chumvi niliyoiweka njiani ni mzee. Mwalimu ameniruhusu kubadilisha mwili, anasema hata wakubwa wa kazi hii hubadilisha vichwa na midomo ya wahusika wao kati ya picha na picha. Kwa hiyo kila nikiona dalili ya kuota namleta kiazi mwingine wa sura ile ile, namhamishia miguu na macho. Kitunguu naye nampa mwili mpya, lakini yeye yuko ndani ya boksi, hasumbui.

Anayewachagua hao viazi wapya ni mtu fulani ambaye umekataza nimwandike. Sitamwandika. Anamiminiwa gunia miguuni, anavishika kimoja kimoja kwenye mwanga, anasema, "Huyu ana mashavu. Huyu hana heshima. Huyu hapa, mlete." Tena amegeuka msimamizi. Mtu akipita karibu na meza anakemewa, "Hapa kazini!" Jirani yetu fundi viatu alikuja kusalimia, akapewa chai na kuambiwa asitikisike kwa sababu picha ilikuwa imeshaanza. Alikaa na kikombe hewani mpaka chai ikapoa. Yumo kwenye filamu kwa kufumba na kufumbua, anatokea na kikombe halafu hayupo. Hajarudi tena.

Kigoda chenye mto wa kijani kimetumika. Aliyepewa aliuliza nani amekumbuka kigoda. Nikasema ni mimi. Akasema, "Wewe hukujua kama kipo." Akaegesha miguu.

Kuna tatizo moja. Mtu huyo amevaa shati la bluu la mistari tangu picha ya kwanza, na lazima abaki na shati hilo hilo mpaka mwisho, la sivyo shati litabadilika badilika nyuma ya Kiazi. Mama analifua jioni na kulianika usiku. Limeanza kupauka. Usije ukasikia kwa watu ukadhani tumemtelekeza.

Kuhusu nani aliyekosa, nimeamua Kitunguu ndiye atafungua mlango na kuomba radhi kwanza. Msimamizi ameikubali sana sehemu hiyo.

Sisimizi


6 Aprili

Sisimizi,

Marahaba. Mimi mzima. Nilishasikia kwa watu kabla barua yako haijafika. Dereva wa basi alisimama mbele ya karakana nzima akaniambia, "Mzee wenu siku hizi ana shati moja." Niliona aibu nikajichoma kidole. Nimeshona miaka yote hii, nimewavika watoto wa shule wasiohesabika, halafu baba yangu asemwe ana shati moja!

Nimeandika neno "baba yangu" kwa hasira, usilisome kwa sauti.

Kwenye mfuko huu kuna mashati matatu. Kitambaa nilikitafuta maduka yote, mistari ni upana ule ule na bluu ni ile ile. Haya ni mavazi ya filamu. Si zawadi, na hayajatumwa kwa mtu. Yangekuwa ya kumvika mwanasesere ningeshona vile vile. Kipimo cha shingo sikuhitaji kuuliza kwa kuwa shingo za watu hazibadiliki sana. Lile kuukuu lihifadhiwe, lisigeuzwe tambara.

Sasa huyo Kitunguu. Mimi sijawahi kusema lolote kuhusu kazi yako, lakini hili siwezi kulinyamazia. Kitunguu yuko kwake, amejifungia, hana habari na mtu. Kwa nini yeye ndiye aombe radhi? Huenda Kiazi ndiye aliyekaa njiani mahali watu wanapita na mizigo. Huenda Kitunguu alikuwa amechoka siku hiyo, amesimama tangu asubuhi, na hakuna hata aliyemuuliza kama ameumia. Nakushauri Kiazi apige magoti mlangoni. Kama hana magoti, mkunje waya.

Shangazi yako


29 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Tumepokea mashati. Baba ana wanafunzi wapya, mmoja ni padri na anaogopa kurudi nyuma. Mama mzima.

Nilifanya ulivyosema. Niliyaweka mashati kwenye kiti cha meza nikatangaza kwamba ni mavazi ya filamu na hayajatumwa kwa mtu. Mhusika wa kitini akavaa moja. Akafunga kifungo cha juu, akazungusha shingo kulia na kushoto. Halafu akatia mkono ndani ya shati upande wa kushoto, akakuta kile kimfuko cha miwani kwa ndani, ambacho maduka hayauzi. Akaniambia, "Mshonaji huyu anajua kazi." Akasema tena, "Mwandikie huyo mshonaji kwamba shingo imekaa sawa. Mwandikie kama mteja." Kwa hiyo nakuandikia kama mteja. Jumapili hatupigi picha, na Jumapili amelivaa pia.

Nilipomsomea ushauri wako kwamba Kiazi apige magoti, alisimama. Ni mara ya kwanza namwona ameinuka kitini katikati ya kazi tangu Februari. Akasema Kiazi ni mtu mzima, ametembea meza nzima kwa miguu ya waya, akishafika hapo unataka nini tena kwake? Akasema kama ni hivyo Kiazi asiende kabisa. Nimejaribu kumwelewesha kwamba tayari yuko katikati ya meza na siwezi kumrudisha. Akajibu, "Basi akae hapo hapo."

Na amekaa hapo hapo, Shangazi. Wewe hutaki Kitunguu afungue, yeye hataki Kiazi agonge. Nimebakiwa na muda mfupi, na kila siku nampiga picha Kiazi akitazama kushoto, akitazama kulia, akijikuna. Filamu nzima sasa ni kiazi anayejikuna.

Ukitoa hilo, vifaa vinafanya kazi vizuri. Kwenye simu kuna programu inayonionyesha kivuli cha picha iliyopita juu ya ile ninayotaka kupiga, kwa hiyo naona kama kuna kitu kimehama. Naikagua kila picha na ile ya kabla yake, zinalingana. Meza haijahama, stuli haijahama. Kiti sikukiwekea utepe, maana kina kiapo.

Nyumba tu ndiyo imeanza kuchakaa. Mlango wa mbele siku hizi haufunguki wote, unafika nusu unagota. Baba ametia mafuta bawaba, ametia tena, hajui tatizo ni nini, na hiyo taa moja haimsaidii. Mama kwa upande wake anasema amepata nguvu, zamani kumpelekea Babu chakula kulimchosha na sasa anafika mara moja.

Shangazi, tunafunga chuo mwezi wa sita. Njoo. Njoo utuamulie huyo Kiazi, hata kama hutakaa.

Sisimizi


2 Juni

Sisimizi,

Marahaba. Nimechelewa kujibu. Kazi zilikuwa nyingi.

Si kweli, kazi zilikuwa za kawaida. Barua yako niliiweka chini ya cherehani, kila nikiinua nguo naiona.

Sitakuja. Nimefurahi kusikia shingo imekaa sawa, mwambie mteja kwamba karakana inashukuru. Lakini mtu akitaka kuniona anajua nilipo, na anajua kusema neno moja. Mimi ndiye niliyeanguka, mwanangu. Niliinuka peke yangu na sare zimetapakaa, na neno la kwanza nililolisikia lilikuwa "Angalia kiti changu." Hilo ndilo sijalimeza. Goti limeshapona siku nyingi.

Mwache Kitunguu ndani ya boksi. Hafungui.

Shangazi yako


15 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Hatujambo sote. Yule padri amefaulu.

Nianze na msiba. Kiazi na Kitunguu hawapo tena. Juzi nilikwenda chuoni kuomba niongezewe muda, nikarudi nikakuta meza tupu. Shanga mbili na waya vimeoshwa vizuri na kuwekwa kwenye kisosi. Nikakimbilia jikoni. Mama alikuwa anakoroga. Hakugeuka, akasema, "Mmoja hataki kwenda, mwingine hataki kufungua, na mimi nimekaa gizani miezi. Nimewapatanisha kwenye kikaango." Nililia, Shangazi, na sisemi uongo, nililia mbele ya kikaango. Babu alipelekewa sahani yake. Akamla muigizaji mkuu, akasema chumvi imepungua.

Baada ya chakula tukatoa vitambaa madirishani, nikaifungua simu kamba, nikazipanga picha zote kwa mara ya kwanza. Nilikuwa sijawahi kuziangalia zikienda mfululizo, nilikuwa naogopa. Tukakaa, baba, mama na mimi, kumtazama marehemu. Kiazi anatoka upande wake wa meza, anatembea vizuri kabisa, anapita sahani ya chumvi, fundi viatu anatokea na kutoweka. Kiazi anafika katikati, anaanza kujikuna.

Ndipo baba akasema, "Hebu rudisha mwanzo." Nikarudisha. Akasema, "Usimtazame Kiazi. Tazama ukutani."

Shangazi, sitakueleza tulichokiona. Nikikueleza utasema natia chumvi. Nakutumia kadi ya kumbukumbu ya simu, yenye filamu, ndani ya bahasha hii, mwombe msimamizi wako akuwekee kwenye kompyuta. Nilimwuliza anayehusika, nikamwonyesha na picha. Akazitazama zote mpaka mwisho, akasema, "Kiti hakijasogea." Nikamwambia, "Babu, picha ya kwanza kiko wapi, na ya mwisho kiko wapi?" Akasema, "Wewe mwenyewe ulikuwa unazikagua kila siku. Uliona kimesogea?" Nikasema sikuona. Akasema, "Basi."

Filamu nimeipeleka chuoni hivyo hivyo, haina mwisho. Mwalimu ameuliza huyo mzee alifundishwa na nani.

Sisimizi


24 Juni

Sisimizi,

Marahaba, mwanangu. Msalimie kaka yangu, msalimie wifi, umwambie amefanya vizuri, mimi ningewapika tangu Machi.

Kadi tuliiweka kwenye kompyuta ya msimamizi wakati wa chakula. Nilidhani nitaangalia peke yangu, nikageuka nikakuta karakana nzima iko mgongoni. Mara ya kwanza nilitazama mashati tu. Kola imelala vizuri, na mahali pa kutoka shati kuukuu kuingia jipya hapaonekani, hata wenzangu walishindwa kupaona. Wakacheka sana fundi viatu alipotokea na kikombe. Halafu yule anayeimba akauliza, "Huyo mzee nyuma anaendesha nini?"

Tukarudisha. Nikamwona. Anaanza kwenye kona pale pale nilipomweka, amekasirika, mikono kifuani. Kiazi anatembea mbele na yeye anatembea nyuma, amekaa, uso umetulia, kiti kinakwenda na ukuta taratibu. Anapita kabati. Anapita ile picha ya marehemu mama. Kiazi anakwama katikati ya meza, yeye anampita. Anafika mlangoni, kiti kinagusa mlango, anageuza kichwa upande wa kitasa, na anabaki hivyo mpaka mwisho. Hata anayeimba aliacha kuimba.

Nikawaambia kuna hewa mlangoni, mzee anapenda kupunga hewa. Ndivyo alivyotuambia siku zote. Miaka yote niliyofanya kazi ya huko nilirudi jioni nikamkuta mlangoni na kiti chake, ananiambia, "Ah, umerudi? Mimi nilikuwa napunga hewa." Nikapita, nikaingia ndani. Hata siku moja sikusimama.

Usiku ule nilikaa nikaifikiria nyumba yetu. Sisimizi, mlango ule hauna hewa. Umekingwa na ukuta wa jirani, hata pazia lake halitikisiki. Hewa ya nyumba ile inaingilia dirisha la jikoni, nimekaa pale maisha yangu yote, najua. Nimelia mpaka mwenye nyumba akagonga kuuliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana, nimeona filamu.

Nimeomba ruhusa na nimepewa. Nafika Jumamosi kwa basi la jioni, nina mizigo miwili na cherehani yangu ndogo. Mwambie baba yangu. Lisome neno hilo kwa sauti.

Najua wifi ataanza kuhangaika kusafisha njia. Asihangaike. Kiti kisitolewe pale, kibaki vile vile kilivyo kwenye picha ya mwisho, nitakiruka. Na radhi sitaki kuombwa, wala siombi. Yeye akiniuliza nimefuata nini, nitavuta kigoda nikae hapo mlangoni karibu naye, nimwambie nimekuja kupunga hewa.

Shangazi yako